Kutoka tezi ya shingo hadi kongosho: historia ya sindano inayotafuta jina la ugonjwa

Katika vilima vya Masisi, na hata chini msituni Walikale, mtu akitokewa na uvimbe huwa anasikia onyo moja kabla hajafika kituo cha afya: "Usikubali wakuchome, watauamsha." Mama mwenye kidonge kwenye titi anaambiwa hivyo. Mzee anayeshindwa kumeza ugali anaambiwa hivyo. Mama wa mtoto aliyevimba taya anaambiwa hivyo na majirani wa kambini, watu wema wasiomtakia baya. Halafu anafika mbele ya muganga, naye anasema: "Bila kuchukua kipande siwezi kujua ni nini." Hapo familia inagawanyika, na wakati wanaendelea kubishana uvimbe nao unaendelea.

Onyo hilo lina historia, na muganga naye ana historia yake. Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawajui ni kwamba historia hizo mbili zilianzia mahali pamoja, na mahali penyewe si mbali. Sindano ya kuchoma tezi ili kusoma ugonjwa ilianza kupata umaarufu huku kwenye nchi za maziwa makuu na Kongo, zaidi ya miaka 120 iliyopita, kabla haijazoeleka kwa wagonjwa wa kansere wa Ulaya na Marekani.

Kwanza jina la kazi yenyewe. Waganga wanaiita biopsi: kuchukua kipande kidogo cha mwili, au seli chache tu kwa sindano, na kuvisoma kwa mikroskopi. Sababu yake ni nyepesi. Vidole vinagusa uvimbe, ekografi inaonyesha ukubwa wake, lakini hakuna kati ya hivyo kinachotaja jina lake. Tezi ya shingo iliyovimba inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, na hicho kinatibiwa kwa vidonge vya miezi 6. Inaweza kuwa kansere ya tezi. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Anayetibiwa kifua kikuu wakati ana kansere anapoteza miezi ambayo hatairudishiwa na mtu.

Shingo za watu wa 1904

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaka pande zote za Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake uliua watu zaidi ya 200,000 kwa miaka michache. Serikali ya Uingereza ilituma waganga Entebbe. Wawili kati yao, Greig na Gray, waliandika mwaka 1904 kwamba walichoma tezi zilizovimba za shingo kwa sindano, wakavuta tone la majimaji, wakaliweka kwenye kioo chini ya mikroskopi, na humo wakaona vijidudu vya malale wakiogelea. Katika damu vijidudu hao walikuwa wagumu kupatikana. Katika tezi walionekana upesi.

Wakati huohuo, ndani ya Kongo ya mfalme Leopold II, waganga wawili waliotumwa na shule ya magonjwa ya tropiki ya Liverpool, Dutton na Todd, walikuwa wanapanda mto Kongo wakipima vijiji. Walianza 1903. Katika safari hiyo wote wawili walishikwa na homa ya papasi, ile inayoitwa kimputu, na wakafika Kasongo, katika Maniema ambayo leo ni jirani ya Walikale. Dutton alifia hapo Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 28. Todd alipona, akarudi, na kazi yao ikaeneza njia moja ya kupima: papasa shingo, ukikuta tezi ichome, soma tone.

Njia hiyo ikawa kazi ya kila siku ya timu za serikali ya Wabeleji. Watu walipangwa mistari kijijini, muganga au msaidizi wake akapita akipapasa shingo moja baada ya nyingine. Kwa upande wa elimu ilikuwa hatua kubwa. Kwa upande wa mtu aliyesimama kwenye mstari ilikuwa jambo jingine kabisa. Aliyekutwa na tezi mbaya angeweza kutengwa kwenye lazareti, mbali na watu wake, na wengi walioingia hawakutoka. Dawa ya kwanza iliyotumika sana, atoksili, ilikuwa na sumu ya arseniki na iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Na katika sehemu nyingi mtu hakuweza kusafiri bila karatasi ya muganga inayosema hana malale.

Kwa hiyo bibi aliyewakataza wajukuu wake sindano ya shingo hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake: aliyechomwa alichukuliwa. Ugonjwa ulibadilika, serikali zikabadilika, lakini neno lilibaki. Haifai kulicheka. Inafaa kulijibu.

Sindano inafika kwenye kansere

Huko New York, kwenye hospitali ya Memorial, daktari mpasuaji Hayes Martin na fundi wa labo Edward Ellis waliandika mwaka 1930 juu ya sindano nene kidogo, namba 18, ambayo walikuwa wanaichoma ndani ya uvimbe na kuvuta kwa bomba. Vipande vilivyotoka vilisomwa na wataalamu wa hospitali hiyohiyo. Waganga wengi wa wakati huo waliikataa. Sababu waliyotoa, mtu wa Masisi angeitambua mara moja: waliogopa kwamba sindano itatawanya kansere njiani inapotoka. Ndiyo kusema onyo la kambini liliwahi kuwa onyo la madaktari wenye koti jeupe, tena wa miji mikubwa.

Jibu lilikuja polepole. Kule Stockholm, hospitali ya Karolinska, kuanzia miaka ya 1950 waganga walichukua sindano nyembamba zaidi na kuchoma wagonjwa kwa maelfu, wakiwafuatilia miaka na miaka. Ikaonekana kwamba seli kufuata njia ya sindano ni jambo linalotokea, limeandikwa, lakini ni nadra. Zipo sehemu ambazo mpaka leo waganga wanakwepa kuchoma: uvimbe wa korodani ni mfano, huo hutolewa mzima kwa upasuaji. Uvimbe wa ini nao unafikiriwa mara mbili kabla ya kuchomwa. Kwa tezi, kwa titi na kwa sehemu nyingine nyingi, hatari ya kuchomwa ni ndogo sana mbele ya hatari ya kutibiwa bila kujua ugonjwa.

Taya la mtoto, na mstari unaopita kati ya Masisi na Walikale

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amwangalie mtoto wa miaka 5 aliyevimba mataya yote mawili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Siku si nyingi baadaye, hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali na kukuta watoto wengi, wengine wakiwa na uvimbe tumboni, kwenye figo au kwenye ovari. Mwaka 1958 aliandika juu yao, akidhani ni kansere ya aina ya sarkoma. Waliomsahihisha ni watu wa mikroskopi. Mwanapatolojia Greg O'Conor, akisoma vipande vilevile vya Mulago, alionyesha kwamba magonjwa yote hayo yalikuwa kitu kimoja, kansere ya seli za tezi, yaani limfoma. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Hapo ndipo thamani ya kipande inapoonekana. Mpasuaji aliona mataya, matumbo na figo, magonjwa kama matatu. Mikroskopi iliona moja. Na jina lilipobadilika, matibabu nayo yalibadilika: sarkoma ya taya ingekatwa kwa kisu na kumharibu mtoto uso, lakini limfoma hii inayeyuka kwa dawa. Mapema miaka ya 1960 watoto kadhaa wa Kampala walipewa dozi chache tu za dawa za kansere na uvimbe ukaisha kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala, ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Kansere ya Uganda.

Burkitt alikuwa na swali jingine: kwa nini huku na si kule? Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakaenda mpaka Afrika Kusini na kurudi. Safari ya wiki 10, karibu kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha: "Mnao watoto wa namna hii?" Waliporudi walichora ramani. Karibu na ikweta ugonjwa uliishia kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Juu zaidi, kwenye baridi, kama nyanda za juu za Rwanda na Burundi, ulikuwa adimu. Chini, kwenye joto na mvua, ulikuwepo. Ramani ilifanana na ramani ya mbu, na baadaye ilieleweka kwamba malaria inayomrudia mtoto tena na tena ina mkono katika ugonjwa huu.

Mwenye kuijua barabara ya Sake kwenda Walikale anaweza kuuona mstari huo akiwa juu ya pikipiki. Sehemu kubwa ya Masisi, vile vilima vya malisho na mafondi ya maziwa, iko juu ya mita 1,500, mahali pengine inapita 2,000. Halafu barabara inateremka, baridi inaisha, miti inafunga anga, na Walikale kati iko chini ya mita 1,000. Kwa ramani ya Burkitt, mtoto wa vilimani anaishi juu ya mstari na mtoto wa msituni chini yake. Lakini ramani ya 1961 ilichorwa kwa watu waliokaa mahali pamoja. Familia iliyokimbia risasi kutoka vilimani na kuteremka msituni inaingia kwenye malaria ambayo watoto wake hawakuizoea, na inavuka mstari bila kujua kuna mstari. Kwa hiyo muganga anayempokea mtoto mwenye taya lililovimba asijibu haraka kwamba "huyu ni wa Masisi, huko ugonjwa huo hauko," wala mzazi asingoje akidhani ni jino. Limfoma hii ni kati ya kansere zinazokua haraka kuliko zote. Seli zake huongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Na bado ni kati ya zile zinazopona vizuri, ikitajwa jina mapema na dawa zikipatikana.

Chupa iliyochafuka

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alizungumza London, hospitali ya Middlesex. Kati ya waliosikiliza alikuwamo Tony Epstein, mtafiti aliyekuwa anatafuta virusi vinavyoweza kuleta kansere. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitoke Kampala kwa ndege mpaka London. Kwa zaidi ya miaka 2 Epstein alipokea vipande na kuvipima, na hakuona kitu.

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande cha mtoto mmoja wa Uganda ilishindwa kutua London juu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika labo mwisho wa siku, maji yaliyokiweka yalikuwa yamechafuka, meupe kama maji ya kuosha mchele. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya bakteria, na chupa hutupwa. Epstein hakuitupa. Alichukua tone akalitazama, akaona si bakteria: zilikuwa seli za uvimbe, hai, zimejitenga na kipande kwa kutikiswa njiani na sasa zinaelea. Akakumbuka kwamba kuna seli za limfoma zinazopenda kukua zikielea hivyo. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na mwezi Februari 1964, kwa mikroskopi ya elektroni, virusi vikaonekana ndani yake. Epstein, Bert Achong na Barr waliandika habari hiyo tarehe 28 Machi 1964. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr mpaka leo, na ndivyo vya kwanza kufungamanishwa na kansere ya binadamu.

Mtoto aliyetoa kipande hakuachiwa hata herufi moja katika jina hilo. Ni vizuri kulisema, kwa sababu watu wanaoombwa kipande cha mwili wao wana haki ya kuuliza kinakwenda wapi na kwa kazi gani.

Kongo nayo ina vipande vyake. Kwenye idara ya patolojia ya Chuo Kikuu cha Kinshasa vilihifadhiwa vipande vya wagonjwa wa miaka ya 1958 hadi 1960, vikiwa vimefungwa ndani ya mchemraba wa nta. Karibu nusu karne baadaye timu ya Michael Worobey, pamoja na Wakongomani akiwemo profesa Jean-Jacques Muyembe, ilivifungua, na ndani ya tezi ya mwanamke mmoja iliyochukuliwa mwaka 1960 ikakuta alama za virusi vya ukimwi. Kwa kulinganisha na damu nyingine ya 1959 kutoka mji huohuo, waliandika mwaka 2008 kwamba virusi hivyo vilikuwa vimeanza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyefunga kipande kile kwenye nta mwaka 1960 hakujua hata jina la ukimwi. Alifanya kazi yake vizuri tu, akaandika namba, akaweka kabatini.

Muyembe huyohuyo, mwaka 1976 akiwa kijana, alitumwa Yambuku kwenye ugonjwa usiojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa mikono mitupu bila glavu, na kwa sindano ndefu akatoa vipande vya ini vya waliokwisha kufa. Alinawa kwa sabuni na maji. Ugonjwa ule ulikuja kuitwa Ebola. Kwamba alitoka mzima ni jambo ambalo yeye mwenyewe amelishangaa kwa miaka mingi.

Uvimbe usioguswa na kidole

Tezi ya shingo, titi na taya, vyote hivyo mkono unavifikia. Lakini kuna uvimbe uliojificha. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, limelala karibu na uti wa mgongo, limezungukwa na mishipa mikubwa ya damu. Hata tezi zilizo kifuani kati ya mapafu ziko vilevile. Kwa miaka mingi njia ya kuzifikia ilikuwa kisu: kumlaza mgonjwa, kumpasua, kuangalia, na mara nyingi kumshona tena bila kitu cha kumfanyia.

Mwaka 1957, mwaka uleule Burkitt alipomwona mtoto wa Mulago, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Michigan, Marekani, alionyesha mpira mwembamba wa nyuzi za kioo unaopindika, unaomezwa na mgonjwa ili muganga aone ndani ya tumbo. Hiyo ndiyo endoskopi ya kisasa. Kwa endoskopi hiyo muganga anaweza kung'ata kipande cha umio au cha tumbo kwa koleo ndogo. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imejulikana sana kwa kazi hiyo juu ya kansere ya umio, ugonjwa unaowabana watu wengi wa Afrika ya Mashariki. Lakini koleo inang'ata kilicho juu ya ukuta tu. Kilicho nyuma ya ukuta haikioni.

Kwa kilicho nyuma ya ukuta ilihitajika ekografi. Mwaka 1975 Wadenmark, kati yao Søren Hancke, walichoma kongosho kupitia ngozi ya tumbo huku ekografi ya nje ikiwaongoza. Ilifaa, ingawa hewa ya utumbo na mafuta ya tumbo huziba picha. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani na wa Ujerumani waliweka kichwa kidogo cha ekografi kwenye ncha ya endoskopi yenyewe. Sasa mashine ilikuwa ndani ya tumbo, kongosho liko sentimita chache tu upande wa pili wa ukuta, na picha ikawa safi kama ya karibu.

Tatizo lilibaki moja. Mashine nyingi za mwanzo zilitazama kwa mduara, kama taa ya mnara inayozunguka. Ukitoa sindano, unaiona kama nukta tu, hujui ncha yake imefika wapi. Na karibu na kongosho, kutojua ncha iko wapi ni hatari ya kifo. Ilibidi kutengenezwa mashine inayotazama kwa mstari mmoja na sindano, ili urefu wote wa sindano uonekane kwenye kioo. Kwa mashine ya namna hiyo Peter Vilmann na wenzake wa Denmark, Hancke akiwemo tena, waliandika mwaka 1992 juu ya kuchomwa kwa uvimbe wa kongosho kutokea ndani. Mgonjwa hakupasuliwa. Alilazwa kwa dawa ya usingizi, akachomwa kupitia ukuta wa utumbo wake.

Kuanzia hapo ugomvi wa waganga umekuwa juu ya ufundi wa mkono, na ufundi huo unastahili kuelezwa kwa sababu ndio unaoamua kama kipande kitasomeka. Sindano hupewa namba, na namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba. Ya 19 ina unene wa milimita 1 na kidogo, inaleta nyama nyingi lakini ni ngumu kupindika pale utumbo unapokunja kona. Ya 25, nusu milimita, inapita popote lakini inaleta kidogo. Wengi hushika ya 22, iliyo katikati. Sindano ya kawaida huleta seli zilizotawanyika, kama unga. Kwa magonjwa fulani, limfoma ikiwa mojawapo, unga hautoshi; mwanapatolojia anataka kipande kizima ili aone jinsi seli zilivyojipanga. Kwa hiyo zikaja sindano zenye ncha ya kukata. Moja ina ncha tatu kama taji, na umbo lake lilibuniwa na Franseen mwaka 1941.

Halafu namna ya kuichezesha. Zamani muganga alichoma mahali pamoja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ikaonekana kwamba katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi kuna nyama iliyokufa isiyosema kitu, na kuchoma sehemu moja kunaleta damu zaidi ya seli. Sasa wanaingia mara moja na kuigeuza ncha kidogo kidogo, kama mtu anayefungua upepeo, wakipita pembeni na katikati. Kuvuta nako kuna aina zake. Wengine wanavuta kwa bomba kwa nguvu. Wengine wanatoa polepole ule waya ulio ndani ya sindano, na mvuto mdogo unaotokea unapandisha seli bila kuita damu nyingi. Wengine wanajaza maji ya chumvi ndani ya sindano kwanza. Hakuna njia iliyoshinda zote kwa kila uvimbe. Uvimbe wenye damu nyingi unataka mkono mwepesi, uvimbe mgumu unataka nguvu. Mahali penye bahati, mtu wa mikroskopi anasimama chumbani humohumo na kusema, "Inatosha," au, "Rudia."

Njia ndefu kuliko sindano

Mashine ya namna hiyo ni ya bei kubwa na inataka fundi aliyejifunza miaka. Mgonjwa wa Nyabiondo au wa Kibua haifuati leo. Lakini mashine ndiyo iliyobadilika. Kinachofuata baada ya sindano ni kilekile cha Greig na Gray, cha Burkitt, cha yule mtu wa Kinshasa wa 1960: kipande, chupa, jina, njia, mikroskopi. Na hapo ndipo kazi ya Masisi na Walikale inapoharibika au kufaulu. Tezi ya shingo na kidonge cha titi havihitaji endoskopi. Vinahitaji sindano ya kawaida, mkono uliofundishwa, na chupa iliyotayarishwa.

Kipande kinachowekwa ndani ya maji matupu, au kufungwa kwenye kitambaa kikakauka, kinaoza kabla hakijavuka Sake. Kinatakiwa kuwekwa kwenye formoli upesi, na formoli iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa kipande, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Mdomo mpana kwa sababu nyama ikikaa ndani ya formoli inakuwa ngumu na haitoki tena kwenye shingo nyembamba. Zipo labo zilizolazimika kuvunja chupa. Majimaji ya sindano nayo hupakwa kwenye kioo palepale, siyo baadaye.

Halafu njia. Kipande cha 1963 kilicheleweshwa na ukungu wa siku moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na barabara zinazotoka vilimani zina vizuizi, zina matope, zina siku ambazo hakuna pikipiki inayopita. Kwa bahati nzuri formoli inavumilia zaidi ya ile chupa ya Epstein: seli hazitakua, lakini umbo lao linabaki kwa siku kadhaa likisomeka, na kipande kilichofungwa kwenye nta kinadumu miaka.

Kisichodumu ni anwani ya mgonjwa aliyekimbia. Majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi. Yakirudi, kambi imehamishwa, mama ameenda kwa ndugu yake, na karatasi inabaki kwenye droo ya kituo cha afya kilichoiandika. Kwa hiyo kabla ya kutoka chumbani, familia idai mambo haya yaandikwe kwenye chupa na kwenye daftari, yote mawili: majina yote ya mgonjwa na umri wake, sehemu ya mwili iliyochomwa, tarehe, jina la muganga aliyechoma, na namba za simu mbili za watu wanaokaa mahali tofauti. Moja ya mtu aliye naye kambini, nyingine ya mtu asiyehama, kama mwalimu, padri au mchungaji, au ndugu wa mjini. Na namba ya chupa iandikwe kwenye karatasi ndogo ambayo mgonjwa ataiweka pamoja na kadi yake ya uchaguzi, mahali ambapo hata wakati wa kukimbia usiku mkono unakwenda kwanza.